Dole Gumba la Mkaguzi wa Korongo

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, Chekereni, na kufikia saa nne lilikuwa limeshasomwa na kila mwenye jaruba la mpunga, pamoja na wengi wasio na hata mche. Waliolisoma walinuna. Mmoja alisema kumbe ndege nao siku hizi wana serikali yao. Mwingine akauliza kama korongo watakuja kwenye mkutano wa kijiji, na kama watakaa mbele pamoja na wazee.

Rogath peke yake alilisoma akatabasamu.

Hakuwa na jaruba. Alikuwa amefika Chekereni na pikapu yake ya buluu kwa shughuli nyingine kabisa: kuwauzia watu mawe ya kusafishia maji ya kisima, mawe meusi, laini, ambayo aliyaokota mwenyewe mto Karanga wiki iliyotangulia. Biashara ilidoda kwa mteja wa kwanza tu, mzee aliyezaliwa kando ya mto Karanga, ambaye aliyatambua mawe yale kama mtu anavyotambua mbuzi wake.

Tangazo lilikuwa refu, lakini Rogath alijaliwa kipaji cha kusoma karatasi za serikali. Aliruka maneno yote ya heshima akatua kwenye nyama. Nyama ilikuwa hii: korongo taji, yule ndege mrefu mwenye kishungi cha dhahabu kichwani, anayetaga kwenye majani ya kando ya mifereji ya mpunga, amebaki mchache na yuko hatarini kutoweka. Kwa hiyo karibu na viota vyake hakuna kupulizia dawa yoyote mpaka vifaranga waruke. Na ile dawa ya wadudu iitwayo Nyamazisha, iliyowaua wengi, ni marufuku kuuzwa, kutumika, wala kuwekwa ghalani. Mwenye nayo aipeleke kwa gharama zake mwenyewe kwenye tanuru la kuteketezea sumu huko pwani, kabla mwaka haujaisha. Gari litakalokutwa limeibeba bila kibali litataifishwa.

Wenzake waliona hasara. Rogath aliona ghala la mtu mwenye hofu.

Sheria mpya ina uzuri wake. Kwa wiki mbili tatu za mwanzo hakuna anayejua inafananaje, kwa hiyo yeyote mwenye shati jeupe na kalamu mfukoni anaweza kuwa ndiyo sheria yenyewe. Na shati jeupe Rogath alikuwa nalo.

Tusimsingizie tamaa ya utajiri. Haja yake ilikuwa ndogo, na ilikaa mlimani, Kibosho, chini ya paa linalovuja. Krismasi ilikuwa imebaki siku kumi. Kila Mchaga aliyetawanyika duniani alikuwa anatafuta namna ya kurudi nyumbani, na Rogath, aliyekuwa anaishi Pasua, hapo hapo Moshi mjini, mahali ambapo pikipiki inafika Kibosho kabla chai ya chupa haijapoa, alikuwa hajapanda kwao Krismasi tatu mfululizo. Siku moja, kwenye simu, akiwa hana jambo la maana la kumwambia mama yake, alimwambia ameajiriwa serikalini. Mama akaitangazia jumuiya nzima ya kanisa. Tangu siku hiyo Kibosho ilikuwa inasubiri kuona ajira hiyo, na mtu wa serikali hawezi kupanda mlima mikono mitupu.

Sasa, mbuzi wa Krismasi akichinjwa kwao, kila mtu ana sehemu yake tangu enzi za mababu, na sehemu ya mtoto wa kwanza ilikuwa ya Rogath. Lakini nyama haimngoji mtu. Kwa miaka mitatu sehemu hiyo ilikuwa inaliwa na binamu yake Valerian, dalali wa nyanya wa Bomang'ombe, ambaye hakukosa kumpigia simu kumweleza ilikuwa na mafuta kiasi gani.

Mwaka huu Rogath alitaka apande na pikapu imejaa bati za kijani za kuezekea nyumba ya mama. Bati zingejibu maswali yote.

Alimpigia Valerian hapo hapo, amesimama mbele ya tangazo.

"Nyamazisha?" alisema Valerian. "Mangi, lete. Wenye nyanya huku wanaililia. Lete hata katoni mia."

"Ninazo arobaini na mbili," alisema Rogath, ambaye wakati huo hakuwa na hata kifuniko cha chupa. Lakini alikuwa ameshauliza, na ameshaelekezwa kwamba katoni hizo ziko kwenye duka la pembejeo la Mama Dominika, pale ng'ambo ya barabara, na kwamba Mama Dominika ni mjane, mcha Mungu, na anampa kila mtu chai.

Kwenye dashibodi ya pikapu kulikuwa na jani la isale. Wachaga wanajua: mtu akikujia na isale mkononi, ameomba msamaha, na ukilikataa ni wewe utakayelaumiwa, si yeye. Rogath alilibeba kama madereva wengine wanavyobeba tairi la akiba. Lilikuwa limemwokoa Marangu, likamwokoa Old Moshi, na huko Uru lilimwokoa mara mbili kwa mtu yule yule. Alilipapasa kidogo, akawasha gari akaelekea mjini.

Duka la vifaa vya ofisi la Bhavna liko karibu na mnara wa saa, na babu yake aliuza wino humo kabla ya uhuru. Bhavna alimtazama Rogath juu ya miwani kama anavyotazama noti iliyochanika.

"Kitambulisho," alisema Rogath. "Mkaguzi wa Viumbe Adimu. Jina, Ndelilio. Na nembo ya taifa hapa juu."

"Nembo ya taifa sichapi."

"Basi weka ndege. Picha yake hii hapa."

Bhavna aliitazama picha. "Huyu ni kongoti."

"Ni korongo, dada."

"Ni kongoti, kaka. Ana upara, ana mfuko shingoni, anakula takataka dampo. Huyu hata wakifa wote, hakuna atakayekupigia simu." Alitafuta kwenye kompyuta, akamgeuzia kioo. "Korongo taji ndiye huyu. Mtu akiwatetea, angalau awajue kwa sura."

"Wewe umewajulia wapi?"

"Baba alikuwa anatupeleka kuwaangalia Jumapili, huko chini kwenye mpunga. Wanacheza ngoma, wawili wawili. Siku hizi unaweza kushinda huko usione hata unyoya." Akanyoosha mkono. "Lipa kwanza, Rogath."

"Ndelilio."

"Lipa kwanza, Ndelilio."

Jumatano asubuhi Mkaguzi wa Viumbe Adimu alisimama mlangoni mwa duka la Mama Dominika, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate.

Mama Dominika alikuwa na umri wa miaka sitini na kitu, rozari shingoni, miwani yenye sikio moja la uzi. Rogath alimtazama mara moja tu akamhurumia, kama mwindaji mwema anavyomhurumia kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu, kaa. Umeshakunywa chai?"

"Kazi haituruhusu, mama. Naitwa Ndelilio. Mkaguzi." Akaonyesha kitambulisho, akakirudisha mfukoni kwa kasi ya mtu mwenye vingine vingi.

"Ndelilio," alisema Mama Dominika taratibu. "Utakuwa wa Machame."

"Machame kabisa."

"Kwa Walutheri."

"Nimezaliwa usharikani, mama. Baba yangu alikuwa anapiga kengele."

"Vizuri. Chai basi, baba, mkaguzi naye ana tumbo."

Akaleta kikombe na sahani ya ndizi za kuchemsha. Rogath alivua kofia, akafanya ishara ya msalaba upesi upesi, paji, kifua, bega na bega, kama alivyofundishwa na mama yake tangu hajajua kutembea, akanywa. Mama Dominika alikuwa bado anamimina kikombe chake mwenyewe. Hakumwaga hata tone.

Kisha Rogath akaongea. Hapo inabidi tumpe haki yake, maana aliongea vizuri. Alisema juu ya korongo taji kama mtu aliyelelewa nao. Alisema ni urithi, ni pambo la taifa, ni ndoa ya uaminifu kuliko ndoa nyingi za mjini, maana korongo hubaki na mwenzi mmoja maisha yote. Alisema juu ya Nyamazisha, inavyoingia kwenye wadudu, wadudu wakaliwa na korongo, korongo akaanguka. Mapenzi yake kwa ndege hao yalikuwa na umri wa siku mbili, lakini yalishakuwa na machozi.

"Sasa, mama, sheria inataka ujigharamie mpaka pwani. Lakini kwa wazee na wajane mradi wetu unachukua bure. Wiki hii tu. Labda kama utakuwa na mchango kidogo wa mafuta."

"Hela sina, baba. Nina mkungu wa ndizi."

"Ndizi ni mafuta ya binadamu," alisema Rogath kwa ukarimu.

"Nikuulize kitu, maana sheria siijui. Ukishaichukua, wakija wengine kunikagua?"

"Ikishaingia kwenye gari langu, mama, wewe huna kesi. Mzigo ni wangu."

"Ni wako."

"Wangu kabisa."

"Basi tuandike hivyo hivyo."

Akatoa daftari, akaandika polepole huku akijisomea kwa sauti: kwamba mwenye dole hapa chini amepokea katoni arobaini na mbili za Nyamazisha, kwamba kuanzia leo ni mzigo wake na jukumu lake, mpaka ziteketee. Rogath akatia saini ya Ndelilio, saini nzuri yenye mkia kama wa mjusi. Mama Dominika aliitazama, akasogeza kidau cha wino.

"Na dole gumba."

"Saini inatosha, mama."

"Saini mtu hujifunza, baba. Dole huzaliwa nalo. Mimi elimu yangu ndogo, nivumilie."

Rogath alicheka moyoni. Wazee wana mambo. Akazamisha dole lake wino, akaligandamiza. Halafu Mama Dominika akatoka, akaizunguka pikapu bila haraka, akanakili namba yake, akasimama kidogo kwenye kioo cha mbele kama anayejitazama kilemba.

Wapagazi wawili wa mpunga walipakia, wamevaa glovu ambazo mama aliwapa, na katoni zote zilikuwa zimezungushiwa utepe wa gundi pande zote. "Usizifungue, baba," alisema. "Mvuke wake unapanda kichwani." Akampungia mkono mpaka vumbi likatulia.

Valerian alikuwa amenenepa unene wa kuridhika, mwili wa mtu aliyekula sehemu ya mwenzake miaka mitatu. Alifungua geti lake la Bomang'ombe, akachukua kisu, akachana katoni ya kwanza, akatoa chupa. Akaigeuza. Akachana ya pili. Akachana ya tatu, iliyokuwa chini kabisa.

"Rogath," alisema, "unajua kusoma?"

"Nimesoma kuliko wewe."

"Soma hapa basi."

Rogath alisoma. Muda wa kutumika kwa dawa hiyo ulikuwa umeisha miaka mitatu iliyopita.

"Imeganda kama ugali wa jana," alisema Valerian. "Hii inzi ataioga, ajifute, aende zake. Kwa mwenye nyanya haina kazi. Kwa polisi ndiyo bado ni Nyamazisha, maana jina liko pale pale."

"Kuna polisi gani huku? Tangazo ni la Chekereni."

"Lilikuwa. Jana limebandikwa hapa sokoni, lile lile, na picha ya ndege. Toa gari mbele ya geti langu, mangi. Mimi nina familia."

"Mimi ni familia yako."

"Ndiyo maana nakuambia kwa upole."

Kati ya Bomang'ombe na Moshi kuna mito, na kila mto una daraja. Rogath alipunguza mwendo kwenye daraja la Kikafu, mkono ukiwa tayari kwenye kitasa, autupe mzigo mtoni. Chini palikuwa na wanaume wanachota mchanga. Alipunguza Weruweru. Ng'ombe walikuwa wanakunywa. Kwenye mto Karanga wanawake walikuwa wanafua, na mmoja wao, akidhani anamfahamu, akampungia mkono. Alimpungia naye, na hapo akaliona dole lake gumba. Lilikuwa bado jeusi. Jina kwenye daftari lilikuwa la uongo, kijiji kilikuwa cha uongo, hata kengele ya baba ilikuwa ya uongo. Dole lilikuwa lake, na namba ya gari ilikuwa yake, na maji ya mto huo yalikuwa yanateremka kwenda huko huko kwenye mpunga.

Akaiegesha pikapu Pasua chini ya turubai. Kufikia asubuhi, kwa ile harufu, majirani walikuwa wanauliza nani amekufa.

Alhamisi alirudi Chekereni na pikapu, na mzigo wake. Njia nzima alikuwa anapanga maneno makali, moja baada ya jingine. La kwanza lilikuwa "Mama, umenidanganya," neno ambalo kwa mtu wa kazi yake ni aibu kulitamka, lakini hakupata lingine.

Hakulitamka. Mama Dominika alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya duka, na mkononi alikuwa na jani la isale, bichi, limefungwa fundo. Alipomwona akiteremka alisimama, akamwendea, akaliweka viganjani mwake, akainamisha kichwa.

"Nimekukosea, mwanangu. Nisamehe."

Watu waliokuwa wanakwenda mashambani walisimama. Mzee mmoja akavua kofia. Rogath alilitazama jani, akayatafuta maneno yake makali, akayakuta yametawanyika kama kuku walioona mwewe.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "huu ni utapeli."

"Ndiyo. Ndiyo maana nimeleta isale. Mtu hapelekewi isale kwa kutendewa mema. Kaa, chai inapoa."

Alikaa.

"Ulijuaje?"

"Ndelilio wa Machame, mtoto wa usharika, anafanya ishara ya msalaba kabla ya chai. Nikasema, huyu kabatizwa kwetu Wakatoliki, juu Kibosho. Halafu nikatazama pua. Pua hiyo naijua. Nikipanda nyumbani naikuta jumuiyani, imekaa kiti cha mbele, inajisifia mtoto wa serikali."

Rogath akaishika pua yake.

"Tangazo lile nililibandika mimi," aliendelea Mama Dominika. "Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya korongo ya kijiji. Nikakaa hapa hapa, nikaangalia. Wote walisoma wakanuna. Wewe ukasoma ukacheka. Nikasema, ashukuriwe Mungu, gari limepatikana."

"Na dawa mbovu?"

"Hiyo nimeifunga mwenyewe kwa utepe. Mimi ndiye niliyeiuza miaka sita, Rogath, chupa kwa chupa, na jaruba langu nililipulizia kwa mkono wangu. Palikuwa na wawili wanacheza pale kila asubuhi. Wanarukaruka, wanainamiana kama watu wa harusi. Nilipopulizia, wa kike akalala siku iliyofuata. Mwenzake akasimama pembeni yake siku nne. Hakula, hakuondoka. Nikipita ananitazama tu." Alikunja uzi wa miwani yake. "Siku ya tano nikawafukia wote wawili, nikafunga katoni. Sijauza chupa tena. Lakini kuipeleka pwani, lori lilitaka duka zima, na kuimwaga siwezi. Ikabaki pale nyuma inanitazama kama yule ndege."

Jana yake Rogath alikuwa amesema mengi kuhusu korongo, kwa ufasaha mkubwa. Leo alichukua kikombe, akanywa chai iliyopoa.

"Nikikataa?" aliuliza baadaye.

"Isale umeshalipokea."

Alitazama. Lilikuwa mkononi mwake, na nusu ya Chekereni ilikuwa imeona.

"Na lile lako la kwenye dashibodi nililiona," alisema Mama Dominika. "Limekauka mpaka limekuwa karatasi. Nikasema, huyu anaujua uzito wake. Halafu jana nilimpigia mama yako."

Kikombe kiligonga sahani. "Umemwambia nini?"

"Kwamba mwanao amepokea kazi ya kupeleka sumu ya kijiji pwani, korongo wapone. Akanyamaza, nikadhani simu imekata. Kumbe analia. Kisha akaniuliza kama ni kazi ya serikali."

"Ukasemaje?"

"Nikasema kibali kitakuwa na muhuri wa wilaya."

Rogath alivuta pumzi ndefu. Alikuwa amewahi kunaswa na wenye maduka, na wenye mbwa, na mara moja na bwana harusi, lakini hakuwahi kunaswa kwa kufanywa kuwa mtu mwema.

"Mafuta?"

"Kijiji kimechanga."

"Mshahara?"

"Hakuna."

"Hata posho?"

"Wakaguzi wa kweli nao wanalalamika hivyo hivyo."

"Mama, mimi nilitaka nipande Krismasi hii na bati. Nyumba ya mama inavuja."

"Inavuja," alikubali Mama Dominika. "Mvua ikinyesha anatandaza sufuria sebule nzima. Miaka yote mitatu hajawahi kuniambia anataka bati. Aliniambia anataka mtu wa kumsaidia kumwaga sufuria."

Muhuri wa wilaya haukimbizwi. Ulichukua siku tano, na siku hizo tano pikapu ililala nyuma ya duka na Rogath akalala kwa mwalimu mmoja wa kijiji, akiamshwa alfajiri na kamati ili akajionee viota, maana, walisema, mkaguzi lazima ajue anachokitetea. Vilikuwa vitatu. Asubuhi ya tatu aliwaona wawili wakicheza kwenye maji. Alisimama tu pale, viatu vinaingia tope, mpaka chai ikapoa.

Kwa hiyo siku mbili kabla ya Krismasi Rogath alikuwa barabarani. Ilikuwa kama Mama Dominika alivyotaka: kibali kwenye mfuko wa shati, katoni zimefungwa turubai, glovu, mkungu wa ndizi, na kwenye dashibodi majani mawili ya isale, moja kavu na moja bichi. Kuanzia Himo aliona kwamba dunia nzima inakwenda upande mmoja na yeye upande mwingine. Magari yalikuja mfululizo kutoka Dar, yamebeba magodoro, makochi, jenereta, na wajomba. Yalimpigia honi. Yalimwashia taa. Dereva mmoja, aliyemtambua kwa sura kuwa Mchaga, alichungulia dirishani akamwonyesha kwa kidole: nyumbani ni kule, ndugu, umepotea njia.

Alipofika Mwanga, simu ililia. Akaegesha.

"Umefika wapi, baba?" aliuliza mama yake.

"Mwanga, mama."

"Sumu hiyo usiivute puani."

"Sivuti."

"Valerian amekuja mapema mwaka huu, amekaa karibu na mbuzi. Nimemwambia sehemu yako haiguswi. Nitaibanika niiweke juu ya moshi. Ukija hata Januari, utaikuta. Padri ametuombea. Amekutaja kwa jina."

"Jina lipi?" aliuliza Rogath, kwa mazoea tu.

"Una majina mangapi wewe?"

Alipofika Same alisimamishwa. Askari alinusa, akazunguka gari, akainua pembe ya turubai, akaishusha haraka. "Hii si ile dawa ya ndege? Karatasi zako."

Mkono wa Rogath ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa nyuma, ambako huwa zinakaa karatasi zake, ukatoka na kitambulisho cha Mkaguzi wa Viumbe Adimu. Askari alikipokea.

"Ndelilio?"

"Hicho ni cha zamani, afande." Akatoa ya mfuko wa shati. Ilikuwa karatasi nyepesi, imekunjwa mara nne, na katika karatasi zote alizowahi kumpa polisi ilikuwa ya kwanza ambayo hakuijua bei yake.

Askari alisoma yote, mpaka kwenye muhuri. Akakitazama tena kitambulisho. "Na huyu ndege ndiye mwenyewe?"

"Ndiye. Chekereni tunavyo viota vitatu," alisema Rogath, na akashangaa kusikia neno hilo, tunavyo, likitoka kinywani mwake bila kulipiwa.

"Hapa kwenye kibali pameandikwa Rogath, wa Kibosho." Askari aliinamia dirisha. "Ndiye wewe?"

Kwa mazoea Rogath aligeuza shingo kutafuta mlango wa pili. Nyuma yake kulikuwa na katoni arobaini na mbili, na nyuma ya katoni barabara yote ya kurudi nyumbani, imejaa watu wa kwao, wanapiga honi.

"Ndiye mimi," alisema.

Askari akamrudishia karatasi kwa mikono miwili. "Pole na kazi, mkaguzi. Sikukuu kama hii, wangemtuma mtu mwenye makosa."